Makinikia ya Elimu

Wasomaji wetu hawajasahau mwezi wa Machi, 2017, Serikali ilipozuia kusafirishwa nje kwa mchanga wa madini, ule ulioitwa makinikia, uliokuwa ukitoka katika migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi huko Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Makontena 277 yalizuiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati mbili za wataalamu ziliundwa, moja ikiongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma na nyingine na Profesa Nehemiah Osoro, na kwa majuma mengi nchi nzima, tangu Bungeni hata vijiweni, ilijadili swali moja tu: mna nini ndani ya mchanga huo, na kwa nini mwenye ardhi hajui? Mwaka huo huo Bunge likatunga sheria ya kuthibitisha kwamba mali iliyo chini ya ardhi yetu ni ya wananchi, na ya kwamba hakuna mkataba uwezao kuwanyang'anya.

Leo twataka kusema juu ya makinikia ya namna nyingine. Haya hayapiti bandarini, hayana kontena, wala hakuna afisa wa forodha ayapimaye. Hutoka katika mikoa ile ile ya Shinyanga na Geita. Hutoka katika damu, mkojo na nywele za watu wetu, katika maji ya visima vyao, katika udongo wa mashamba yao na majani ya mihogo yao. Hubebwa katika vichupa vidogo hata maabara, huandikwa kwa Kiingereza, huchapwa katika majarida ya Ulaya, kisha huuzwa. Twasema juu ya elimu ipatikanayo kwa utafiti. Hiyo nayo ni mali iliyochimbwa kwetu, na mwenye ardhi safari hii pia hajui mna nini ndani yake.

Tuchukue kijiji kimoja, Lwamgasa, wilayani Geita, ambacho maandiko ya wataalamu hukiita Rwamagasa. Hapo, kama ilivyo katika machimbo mengi ya ukanda ule, mawe hutolewa shimoni, yakasagwa kwa karasha mpaka yakawa unga. Unga ukaoshwa mwaloni juu ya magunia yaliyotandikwa, na ule mzito uliobaki ukachanganywa na zebaki, mara nyingi kwa mkono mtupu. Zebaki huishika dhahabu. Donge lake hukamuliwa katika kitambaa, likawekwa juu ya makaa, zebaki ikaruka kuwa mvuke na dhahabu ikabaki. Kazi hiyo hufanywa mwaloni, na pengine hufanywa nyumbani, karibu na sufuria ya uji wa watoto. Mvuke wa zebaki hauonekani kwa macho wala hauna harufu. Mtu auvutaye leo haoni neno. Miaka ikipita mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, figo hudhoofika. Na mama mjamzito humpitishia sumu mtoto aliye tumboni. Wachimbaji wadogo katika nchi yetu hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni 1, na wengi wao wamo katika ukanda huo wa Ziwa. Hao, pamoja na wake zao na watoto wao, ndio watu ambao jambo hili lawahusu.

Basi Lwamgasa si kijiji kilichosahauliwa na wenye elimu. Katika miaka ya 2002 hadi 2007 Umoja wa Mataifa uliendesha mradi mkubwa juu ya zebaki katika nchi sita za dunia, Tanzania ikiwa mojawapo, na Lwamgasa ndipo mahali palipochaguliwa kwetu. Mwaka 2003 wataalamu wa Idara ya Jiolojia ya Uingereza walipima maji, udongo, mchanga wa mito na samaki. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Munich, Ujerumani, wakapima watu wenyewe. Walichukua damu, mkojo na nywele, wakatazama mikono kama inatetemeka, wakajaribu kumbukumbu. Wakaona ya kwamba walioathirika zaidi ni wale wanaochoma lile donge. Makala juu ya mazingira ilitoka mwaka 2005. Makala juu ya afya ya watu wale ilitoka mwaka 2010. Miaka saba ilikuwa imepita tangu damu ilipochukuliwa. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kupimwa alikuwa amekwisha kuanza shule.

Baadaye wakaja wataalamu wetu wenyewe. Chuo cha Sayansi za Afya cha Bugando, Mwanza, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Calgary cha Canada, kimefanya kazi ambayo taifa lapaswa kujivunia. Mwaka 2019 walichapa matokeo ya uchunguzi wa wajawazito zaidi ya 1,000 katika maeneo ya machimbo madogo na maeneo yasiyo na machimbo, wakilinganisha zebaki na aseniki katika miili yao. Tofauti ilikuwa dhahiri: mama aishiye penye machimbo alikuwa amebeba sumu zaidi ya mwenzake.

Huenda siku ile ya kupimwa mama wa Lwamgasa aliambiwa neno moja au mawili na daktari aliyemchukua damu. Lakini maandiko yenyewe, yale ambayo kwayo mtu aweza kurudi na kuuliza na kubishana na kudai, yako wapi?

Makala ya 2005 na ya 2010 zimo katika jarida liitwalo Science of the Total Environment, ambalo mwenyewe ni kampuni ya Elsevier. Makala moja ya majarida ya namna hiyo huuzwa kwa mtu asiye na chuo kwa dola 30 au zaidi, nayo kwa fedha yetu ya miaka hii ni shilingi 75,000 hivi. Hizo ni fedha za kusoma kurasa kumi, mara moja, tena huenda usizielewe. Muuguzi wa zahanati ya kata akitaka kujua namna ya kumtambua mchomaji aliyeanza kudhurika, alipe. Diwani akitaka ushahidi wa kuupeleka katika baraza la halmashauri, alipe. Mwalimu wa sayansi akitaka kuwafundisha watoto juu ya kijiji chao wenyewe, alipe.

Haki yatudai tuseme pia upande wa pili. Ripoti ndefu za ule mradi wa Umoja wa Mataifa zapatikana bila malipo kwa mwenye intaneti. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2002 mpango wa Hinari, ambao kwa huo hospitali na vyuo vya nchi maskini husoma majarida mengi bure au kwa ada ndogo, na vyuo vyetu vimeutumia sana. Hatuwezi kusema kwamba milango yote imefungwa. Twasema ya kwamba iliyofunguliwa imefunguliwa kwa chuo. Haikufunguliwa kwa zahanati ya Lwamgasa, wala kwa chama cha wachimbaji, wala kwa ofisi ya kata.

Na yafaa mfanyakazi ajue jinsi biashara hii inavyokwenda, kwa maana ni ya ajabu hata kwa mtu aliyezoea kusikia habari za unyonyaji. Mtaalamu hufanya utafiti kwa fedha za umma, za nchi yake au za wafadhili. Huandika makala, halipwi. Makala hupelekwa kwa wataalamu wenzake waikague, nao hawalipwi. Kisha hupewa mchapishaji, mara nyingi pamoja na haki zake zote, naye huiuzia maktaba ya chuo kile kile kilichomlipa mtaalamu mshahara. Elsevier kwa miaka mingi imetangaza faida ipitayo theluthi moja ya mapato yake katika kazi ya majarida ya sayansi. Sisi twajua viwanda vichache sana vipatavyo faida ya namna hiyo, na hivyo hulipia pamba.

Wenye elimu wenyewe walichoka. Mwaka 2001 walikutana Budapest, na mwaka 2002 wakatoa tamko kwamba matokeo ya utafiti yasomwe na kila mtu bila malipo. Mwaka 2021 UNESCO, nchi zote wanachama zikiwamo, ikapitisha pendekezo juu ya sayansi iliyo wazi kwa wote. Lakini wachapishaji hawakulala. Walisema: vema, msomaji asilipe, basi na alipe mwandishi. Jarida la Nature lilitangaza mwaka 2020 kwamba mwandishi atakaye makala yake isomwe bure na wote alipe euro 9,500. Baadaye waandishi wa nchi nyingi maskini walisamehewa ada hiyo. Twashukuru kwa msamaha, ila twajua ya kuwa msamaha hutolewa na mwenye mlango, naye aweza kuufunga tena siku aonayo vema.

Hata hivyo kuna kufuli la pili ambalo Budapest hawakulisema, na kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi.

Mwaka 2014 wataalamu hao hao wa Bugando na wenzao wa Calgary walichapa makala katika jarida la BMC Pregnancy and Childbirth, ambalo halimtozi msomaji hata senti. Makala ile yahusu wajawazito wa Wilaya ya Geita wanaokula udongo, ule unaouzwa sokoni kwa vipande na kuitwa pemba. Kila mwanamke wa Usukumani aujua. Karibu nusu ya wajawazito walioulizwa walisema kwamba wanaula, na wengi wa hao huula kila siku. Udongo ulipopimwa ukaonekana kuwa na aseniki, kromu na nikeli, pamoja na madini mengine. Habari hii ni ya mama, ni ya kila siku, ni ya sokoni. Imekuwa wazi tangu 2014 kwa mtu yeyote mwenye simu. Je, ni mama wangapi wa Katoro au Nyarugusu walioisoma? Isomwe vipi, nayo ni ya Kiingereza cha maabara tangu neno la kwanza hata la mwisho? Mlango haukufungwa kwa fedha. Umefungwa kwa lugha. Tena mtu akisimama mbele ya mlango uliofungwa kwa lugha hajui hata kwamba ni mlango, hudhani ni ukuta.

Watu husema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo. Tusidanganyane. Mchimbaji wa Geita husema zebaki, sianidi, uchenjuaji na marudio kila siku ya Mungu, wala hakungoja kamusi. Na kama kamusi yatakiwa, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Maneno yapo, waandishi ndio wasioyatumia.

Wengine husema ya kwamba mambo ya sumu yakielezwa wazi watu watashikwa na hofu. Hapa twataka kukaa kidogo, maana hoja hii husemwa na watu wenye nia njema. Tutazame samaki. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wamepima zebaki katika samaki wa Ziwa Victoria, wakaona mara nyingi kwamba viwango vyake ni vya chini, chini ya mipaka iliyowekwa na mashirika ya afya. Katika kupima nywele za watu wa ukanda wa Ziwa waliona jambo jingine la ajabu: baadhi ya watu wenye zebaki nyingi mno hawakuipata kwa samaki wala kwa dhahabu. Waliipata kwa sabuni za kung'arisha ngozi. Sasa fikirini. Mama aliyesikia uvumi kwamba zebaki imeingia ziwani aweza kuacha kumpa mtoto wake samaki, chakula bora alicho nacho, na huku akiendelea kujipaka ile sabuni, na mume wake akiendelea kuchoma donge jikoni. Elimu iliyofichwa haikumwondolea hofu. Ilimwachia hofu isiyo na mahali pake. Angeyapata matokeo kwa lugha yake angejua nini cha kuogopa na nini cha kula.

Nasi twajua kwamba jambo hili lawezekana, kwa sababu lilikwisha kufanyika hapa hapa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Waliyoyajua madaktari juu ya malaria, kichocho, minyoo na kuhara yaliandikwa kwa Kiswahili chepesi katika vijitabu; yakasomwa redioni kwa saa zilizojulikana; na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi vya kusikiliza, kila kikundi na kiongozi wake aliyefundishwa. Hawakusikiliza tu. Waliondoka pale wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, wala hapakuwa na simu ya mkononi. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba mkulima ajifunze kwanza Kiingereza ndipo aambiwe habari za kichocho.

Shinyanga nayo ina ushahidi wake, tena mzuri zaidi, kwa kuwa huko elimu ilikwenda pande zote mbili. Miti ilikwisha kukatwa kwa sababu ya mbung'o, ya pamba na ya kuni, na nchi ikawa tupu. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu wake wangeweza kuleta miche ya kigeni na kuwaamuru watu waipande. Badala yake waliwauliza wazee wa Kisukuma, nao wazee wakawaeleza juu ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika yakatunzwa kwa ajili ya kiangazi. Mambo yakazungumzwa katika mikutano ya vijiji na katika dagashida, sheria ndogo zikawekwa, sungusungu wakazilinda. Ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimerudi hekta zisizopungua 350,000 katika vijiji 833. Wataalamu wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Sokoine walipokokotoa faida yake, ikafika dola 14 kwa mtu kwa mwezi. Ripoti hiyo ilitolewa na Wizara pamoja na shirika la IUCN, na husomwa bure. Lakini siri ya HASHI haikuwa ripoti. Siri yake ni kwamba mwenye ng'ombe alikuwa ameijua habari kabla ya ripoti kuandikwa, kwa sababu alikuwamo mkutanoni ilipotengenezwa.

Twaweza kuongeza mfano wa Ukiriguru, ambako mbegu za pamba zenye herufi UK zilizalishwa na kufika kwa mkulima mikononi mwa bwana shamba. Na ule uchunguzi wa Mkoa wa Mwanza wa 1991 hadi 1994, wakati Geita ikiwa ndani ya mkoa huo, ulioonyesha kwamba magonjwa ya zinaa yakitibiwa vizuri katika vituo vya vijijini maambukizo mapya ya UKIMWI hupungua kwa kadiri ya asilimia 40. Makala yake ilitoka katika Lancet mwaka 1995 na kubadili sera za nchi nyingi. Wagonjwa hawakuisoma, ni kweli, lakini walipata dawa. Zebaki haina bwana shamba wala haina dawa ya kugawiwa dirishani. Kinga yake ni kujua.

Hapa yatupasa kuwa waangalifu tusije tukamfanya mchimbaji kuwa mjinga. Wataalamu walileta retoti, chombo kilichofunikwa kinachokamata mvuke na kuirudisha zebaki itumike tena. Ni chombo kizuri, na zebaki hununuliwa kwa fedha. Wachimbaji wengi hawakukipenda. Watafiti walioishi nao wakauliza sababu, nao wakajibu: ndani ya chombo kilichofunikwa mtu haioni dhahabu yake. Mahali ambapo mwenye shimo, mwenye karasha, mnunuzi na vibarua hugawana chembe chache, mtu ataka kuiona dhahabu tangu mwanzo hata mwisho. Jibu hilo si la ujinga, ni la mtu aliyekwisha kuibiwa. Na wale waliotengeneza retoti wangelijua mapema kama wangeliketi mwaloni na kuuliza.

Mchimbaji aithamini sana habari iliyo wazi. Mwezi wa Machi, 2019, soko la madini lilipofunguliwa Geita, na mengine yakafuata mikoani, mchimbaji alipata mahali ambapo bei imetajwa hadharani na mizani ni ya Serikali. Kabla ya hapo bei ilikaa kichwani mwa dalali. Hakuna aliyewalazimisha watu waelewe faida ya bei iliyobandikwa ukutani. Waliielewa siku ile ile. Kadhalika Shirika la Madini, STAMICO, limejenga vituo vya mfano vya uchenjuaji Lwamgasa na Katente, ambako dhahabu hupatikana bila zebaki. Mtu aonapo kwa macho yake kwamba njia ile hutoa dhahabu zaidi, hahitaji hotuba.

Wa kulaumiwa basi ni nani? Hatutaki kumlaumu mtaalamu peke yake. Mhadhiri wa chuo chetu hupandishwa cheo kwa makala zilizotoka katika majarida yenye jina, na jina hutolewa ng'ambo. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kutenga shilingi bilioni 1 za kuwatuza wahadhiri wanaochapa katika majarida makubwa ya kimataifa. Hatulipingi jambo hilo. Mtu aliyefanya kazi ngumu astahili tuzo, na sifa ya vyuo vyetu ni sifa ya nchi. Ila twauliza: tuzo ya yule aliyerudi Lwamgasa na karatasi mbili za Kiswahili iko wapi? Akirudi hapandi cheo kwa hilo. Nauli ni yake na posho ni yake. Mwenzake aliyebaki ofisini kuandika makala nyingine ndiye atakayekuwa profesa kwanza. Mtu hufanya lile linalolipwa, na chuo kisipotambua kazi ya kurudisha elimu, elimu haitarudi.

Dawa twaiona kuwa karibu zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa maana hakuna mtafiti, awe wa Munich au wa Dar es Salaam, aingiaye kijijini bila ruhusa. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hutoa vibali vya utafiti. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa mwaka 1979, hutoa vibali vya uchunguzi wa afya. Na vyeti vya NIMR huandika tayari masharti: ripoti ifikishwe Wizarani, NIMR yenyewe, na kwa waganga wakuu wa mkoa na wilaya. Mnyororo upo. Umekatikia wilayani. Ripoti ya Kiingereza ikifika kwa mganga mkuu wa wilaya, mtu mwenye kazi mia, hulala kabatini.

Twadai yaongezwe masharti mawili. La kwanza, kila makala itokanayo na damu, maji au ardhi ya Watanzania iwekwe katika hifadhi ya chuo cha hapa nchini, isomwe bure na kila mtu, hata kama jarida la ng'ambo linaiuza. Vyuo vyetu vinazo hifadhi hizo tayari, na wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka humo nakala yake aliyoiandika mwenyewe kabla haijapangwa chapa. La pili, kabla mtafiti hajapewa kibali kingine, athibitishe kwa muhtasari wa mkutano wa kijiji kwamba matokeo ya kazi yake ya kwanza yalisomwa mbele ya wananchi kwa Kiswahili, na maswali yao yakaandikwa. Muhtasari huo na upigwe muhuri na mtendaji wa kijiji. Gharama yake iwekwe katika bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kama inavyowekwa gharama ya vichupa na sindano.

Wala hatuombi hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, unaoitwa kwa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilitupa zebaki baharini, na ugonjwa wake ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba huo huzitaka nchi zenye machimbo madogo ziwe na mpango wa taifa, na ndani ya mpango huo ziwemo njia za kuwapasha habari wachimbaji na jamii zinazowazunguka. Kuwapasha habari ni wajibu uliotiwa sahihi.

Tukingoja masharti hayo, viongozi wa matawi, walimu na wauguzi wa Geita na Kahama wanayo kazi ambayo yaweza kuanza juma hili. Ile makala ya 2014 juu ya udongo wa pemba imetolewa kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kuinakili, kuitafsiri na kuigawa, mradi ataje walioiandika. Haihitaji barua kwenda London wala malipo kwa kampuni yoyote. Yahitaji mwalimu mmoja wa Kiingereza, mkunga mmoja wa kuyasoma maneno kama mama atakavyoyasikia, na karatasi za ofisi ya kata. Nakala ya kwanza ibandikwe katika kliniki ya wajawazito, na ya pili sokoni, kando ya meza inapouzwa pemba.